Rangi ya Gari la Mwalimu Drusilla

Kila Jumatatu na Alhamisi, saa mbili kasoro robo asubuhi, Mwalimu Drusilla Nyanchoka aliegesha Pijo yake pembeni mwa soko la Daraja Mbili, kando ya ukuta wa karakana ya Shariff, fundi wa rangi. Kazi hiyo ilimchukua dakika ishirini na tano. Si kwamba alikuwa dereva mbaya. Kulipenyeza gari kati ya mikokoteni na malundo ya ndizi kulichukua dakika mbili tu. Zilizobaki zilikuwa za kulivalisha.

Kwanza aliweka viboko wawili nyuma ya magurudumu, kwa maana pale pana mteremko. Walikuwa viboko wa jiwe la sabuni, waliochongwa na shemeji yake huko Tabaka na kukataliwa na wanunuzi kwa sababu walifanana mno na nguruwe. Kisha alikunja vioo vya pembeni. Kisha alitoa butini blanketi nne za mitumba, akazitundika mlango baada ya mlango, akazifunga kwa kamba ya magome ya mgomba aliyoisuka mwenyewe nyumbani Birongo. Bampa ya mbele aliivika mpira wa baiskeli, ya nyuma kigodoro cha mtoto. Mwisho aliegemeza kwenye kioo cha mbele kipande cha katoni chenye mwandiko wa ubaoni: GARI HILI SI UKUTA. USILIEGEMEE. ASANTE.

"Mwalimu," Shariff humwambia kila mara, kikombe cha chai mkononi, "siku ya harusi yangu, bibi harusi hakuvalishwa hivi."

"Ndiyo maana alilia."

Halafu Drusilla hutandika gunia hatua nne kutoka kwenye gari, akapanga ndizi zake na kukaa mahali anapoweza kuona milango miwili kati ya minne.

Gari lilikuwa la marehemu Abner, mume wake. Alilinunua kwa bonasi ya chai likiwa jeupe, na jeupe hakulitaka. Siku moja alikuja kwa Shariff na konzi ya chai iliyochumwa alfajiri, majani mawili na chipukizi, umande bado juu yake, akasema anataka rangi ile. Shariff alichanganya tangu asubuhi. Tone la manjano, tone la buluu, tone la kahawia. Abner alisimama kando na jani kiganjani akisema bado, bado. Alasiri ilipoadhiniwa, ndipo aliposema, "Hapo hapo." Shariff akaenda msikitini. Aliporudi hakukumbuka matone yalikuwa mangapi, wala hakuwa ameandika popote. Rangi ilitosha gari moja, ikaisha. Miaka miwili baadaye Abner alizikwa Birongo, kando ya chai yake. Tangu hapo Shariff amejaribu mara sita kuupata ule ukijani. Mara zote sita aliambulia kijani cha mlango wa choo cha shule.

Kwa hiyo rangi ile ilikuwa mahali pamoja tu duniani, na Drusilla aliiegesha sokoni mara mbili kwa wiki kwa sababu ndizi haziji mjini kwa miguu.

Wa kwanza kulikwaruza alikuwa Mogire wa mkokoteni. Mvua ilikuwa imelegeza blanketi, mpini wa mkokoteni wake ukakwaruza mlango wa nyuma, mkwaruzo mrefu kama penseli. Mogire alitazama kulia, akatazama kushoto, akaona hakuna aliyeona, akasukuma mbele. Alipofika penye nyanya, kidole chake cha shahada kilikuwa kijani hadi kwenye pingili ya pili. Alikisugua kwa mafuta ya taa. Alikisugua kwa petroli, halafu kwa mchanga. Wateja wake walikitazama wakasema, "Mogire, umegusa Pijo ya mwalimu."

Akarudi. Drusilla alikuwa na beseni la maji mbele yake, anataka kunawa kabla ya kula. Mogire alichutama, akatia mkono ndani.

"Mwalimu, ni mimi nimekwaruza gari. Nilikuwa na haraka, halafu nikaona hakuna mtu. Pole."

Maji yakawa kijani, kidole kikawa kidole. Drusilla hakuwa mtu wa kumwaga maji ovyo, kwani maji ya Birongo hupanda mlima kichwani mwa mtu. Aliyamwagia palepale penye mkwaruzo ili yaondoe vumbi. Kufikia Jumatatu mkwaruzo haukuwapo.

Baada ya hapo utaratibu ulijulikana. Alikuja mama wa maparachichi aliyeegesha kikapu chenye waya juu ya bonneti. Alikuja dereva wa Probox ya Kenyenya aliyefungua mlango bila kutazama. Alikuja Ruqiya wa duka la viungo akimvuta mbuzi wake mwenye pembe moja ya kijani. Ruqiya alimsemea, na maji yakakubali. Drusilla hakumhubiria mtu. Alisikiliza, akasema, "Haya, kausha mikono," akatoa taulo. Mara moja mtu alimfuata hadi kanisani siku ya Sabato, na wazee wa kanisa walikaa kikao kifupi wakaamua kwamba kumnawisha aliyekosa si kazi, mradi sabuni iwe imekatwa Ijumaa.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa hadi Mheshimiwa Nyasani alipokuja kuzindua mlingoti wa taa.

Nyasani alikuwa amekalia kiti cha wadi, akakipoteza, na sasa palikuwa na uchaguzi mdogo, naye alikitaka tena. Siku hiyo aliliendesha gari lake mwenyewe kwa sababu alikuwa ametangaza redioni kwamba yeye ni mtu wa kawaida. Gari lilikuwa jeusi, pana, vioo vyeusi, na magari mengine mawili nyuma yake. Hakupata nafasi. Alirudi nyuma kuitafuta, akamponda kiboko mmoja, na pembe ya bampa yake ikaingia kwenye madigadi ya mbele ya Pijo, upande wa kushoto, ambako hapakuwa na blanketi. Chuma kilikunjamana kama karatasi ya kufungia nyama.

Alishuka. Aliinama kukagua bampa yake, na ili asianguke aliegemeza kiganja cha kulia palepale alipopavunja. Bampa yake haikuwa na kitu. Akanyoosha mgongo, akazitazama blanketi.

"Nani ametandika kitanda huku barabarani?"

Watu walicheka. Drusilla aliinuka kwenye gunia.

"Ni gari langu, mheshimiwa. Umelivunja."

"Mama, tuko kwa shughuli ya maendeleo," alisema Nyasani, akapanda jukwaani.

Alipoinua mkono wa kulia kuwasalimu wananchi, ulikuwa kijani hadi kwenye kifundo. Watu waliuona, wakaendelea kula mahindi yao. Mtu mmoja kule nyuma akapaaza sauti kumsaidia: "Mheshimiwa, beseni liko pale kwa ukuta!"

Nyasani aliutia mkono mfukoni, akahutubu kwa mkono wa kushoto dakika arobaini.

Drusilla alilijaza beseni, akaliweka penye kivuli, akangoja. Alingoja Alhamisi hiyo hadi soko lilipovunjika, akangoja Jumatatu yote. Shariff alitaka kuinyoosha madigadi bila malipo. Alimkataza.

"Utanyoosha chuma. Rangi yake iko kwenye mkono wa mtu."

"Na mtu mwenyewe asipokuja?"

"Atakuta nimekaa."

Alhamisi iliyofuata alikuja Masese. Masese alikuwa kijana wa kampeni wa mheshimiwa, mwenye simu mbili na viatu vilivyochongoka. Drusilla alimfundisha darasa la sita, kiti cha karibu na dirisha.

"Bwakire, mwalimu."

"Bwakire, Masese. Kaa."

Hakukuwa na mahali pa kukaa isipokuwa kwenye mkungu wa ndizi, kwa hiyo alichutama.

"Mwalimu, mheshimiwa amesikitika. Anasema gari lipelekwe Nairobi, lipakwe upya lote, kwa mashine. Rangi yoyote unayotaka."

"Na yeye mwenyewe?"

"Yeye ana ratiba."

"Mkono ni wake, Masese. Siwezi kunawisha ratiba."

Masese alikuna kidevu. "Sasa mwalimu, akija hapa aseme mbele ya watu, wapinzani watasema amekubali kwamba alikosa."

"Si atakuwa amekubali?"

Masese alitazama viatu vyake. Aliomba basi apewe maji ya beseni kwenye chupa ampelekee. Drusilla alimpa, maana maji ni maji. Jumatatu chupa ilirudi imejaa vilevile, na maji yake meupe.

Wiki mbili mheshimiwa alivaa glavu, na kwa joto la Februari watu walimwonea huruma. Halafu Masese, ambaye hata darasani alikuwa mwepesi wa akili, akapata wazo. Mabango yalitoka siku moja, kutoka Birongo hadi Kenyenya, mengine yakavuka mpaka hadi Nyamira ambako hapakuwa na uchaguzi wowote. Mheshimiwa amesimama katikati ya shamba la chai, mkono wa kulia umeinuliwa, kijani hadi kwenye kifundo. Chini yake: MKONO WA CHAI, MKONO WA MKULIMA. Katika mikutano alieleza kwamba rangi ile ilimwingia kwa kuwashika wakulima mikono miaka mingi. Hakuna aliyekumbuka kumwona akichuma chai, na hakuna aliyesahau Pijo. Walipiga makofi hata hivyo. Rangi ilikuwa nzuri, na ilikuwa yao. Kila aliyewahi kuamka kabla ya jua na kapu mgongoni aliijua.

Bango moja lilifungwa kwenye mlingoti mpya wa taa, mkabala na gunia la Drusilla. Taa zenyewe zilikuwa bado hazijawaka.

Wafuasi walitaka mikono kama ya mheshimiwa. Walianza kwa rangi za dukani, lakini mvua ya kwanza iliwaumbua, na tena hakuna mtu wa milimani asiyeweza kutofautisha jani la chai na mlango wa choo. Ukijani wenyewe ulikuwa na kisima kimoja.

Aliyeanza alikuwa Masese. Alikuja Alhamisi saa nne asubuhi, soko limejaa, akafunua blanketi ya mlango wa mbele, akatoa ufunguo na kuchora mstari. Kisha akainua kidole vijana waliokuja naye wakione. Kilikuwa kijani hadi kwenye kucha.

"Masese," alisema Drusilla.

"Mwalimu."

"Nimekuona."

"Najua, mwalimu."

Akafunika blanketi vizuri, kama alivyoikuta, akaondoka.

Tangu siku hiyo walikuja kwa makundi, na funguo, na sarafu, na vizibo vya soda. Drusilla aliongeza magunia juu ya blanketi. Aliongeza matawi ya miiba. Kulivalisha gari sasa kulichukua saa nzima, na kulivua nusu saa. Aliacha kukaa kwenye gunia akawa anakaa juu ya bonneti, miwani puani, akiwaita mmoja mmoja kwa majina, kwani nusu yao alikuwa amewafundisha kusoma. "Okemwa mwana wa Nyanchera, nakuona. Unashika nini?" Okemwa alikimbia, na ukucha wake tayari umegeuka.

Shariff alikuja na funguo za karakana.

"Mwalimu, liingize ndani. Lifungie. Mimi nitahamishia kazi nje hadi kura ipite."

Alisema kwa moyo safi, na Drusilla aliona hivyo.

"Asante, Shariff. Lakini nikilificha ndani nitakuwa nimesaini kwamba huku nje ni kwao. Miaka yote nimeegesha hapa. Abner aliegesha hapa. Mimi sijamgonga mtu, kwa nini niwe ndiye ninayejificha?"

"Watalimaliza."

"Basi watalimaliza mchana kweupe, nikiwatazama."

Lakini si soko lililolimaliza.

Drusilla alishika Sabato kama mama yake alivyoshika. Chakula kilipikwa Ijumaa, viatu vilipakwa rangi Ijumaa. Jumamosi hakufunga kamba yoyote, maana kufunga kamba ni kazi, na blanketi bila kamba ni nguo iliyoanikwa. Kwa hiyo katika siku saba za wiki, moja tu gari lilitoka bila nguo, likasimama kwenye nyasi za kanisa, chini ya misaiprasi, likiwa kijani tupu. Hakuwa na wasiwasi. Pale palikuwa na watu aliokula nao meza ya Bwana na kuoshana nao miguu.

Jumamosi moja kabla ya kura, mheshimiwa alialikwa kanisani kusalimu. Alisalimu. Aliahidi mabati. Halafu ibada ikaingia katika sehemu ya maombi ya kufunga macho, na Drusilla alifumba macho kwa sababu ndivyo ilivyotangazwa. Mzee wa kanisa aliomba kwa urefu. Aliombea mvua, aliombea bei ya chai, aliombea wagonjwa kwa majina. Aliposema amina, Drusilla alifumbua macho akaona viti vingi vitupu.

Nje walikuwa wamepanga mstari. Hawakusukumana. Akina mama wa idara ya Dorkasi walikuwa mbele, kwaya iliwafuata, shemasi mmoja alikuwa akielekeza watu ili wasikwaruze mahali pamoja wawili. Walitumia pini za nywele, brochi za sare, mhuri wa kanisa. Kila mmoja alichukua kidogo tu, kwa adabu, akawapisha wengine. Walipomwona Drusilla mlangoni, walimpisha pia, wakidhani amekuja kupanga mstari.

Alitembea hadi kwenye gari. Kulikuwa kumebaki ukijani kuzunguka tundu la petroli, upana wa sahani. Alipokuwa akitazama, dada mmoja wa kwaya alinyoosha pini akaumaliza.

"Sheila," alisema Drusilla, "hata wewe?"

"Mwalimu, si ni rangi tu?" alisema Sheila kwa upole kabisa. "Kila mtu anayo."

Mchana kwaya iliimba wimbo wa kutukuza uumbaji. Mikono ilipoinuliwa yote pamoja, ilikuwa kama shamba la chai baada ya mvua, na wengi walisema baadaye kwamba hawajawahi kuona Sabato nzuri kama ile.

Nyumbani, Drusilla hakulia mbele ya gari. Alienda kusimama kando ya chai ya Abner hadi jua lilipotua na Sabato ikaisha, akachuma jani moja, akaliweka juu ya kichaka kwa sababu halingeweza kurudi kwenye kikonyo chake.

Jumatatu Pijo ilishuka Daraja Mbili ikiwa bati tupu, inang'aa kama sufuria. Drusilla aliiegesha kwa dakika tatu: mbili za kuipenyeza, moja ya kumweka kiboko aliyebaki. Blanketi hakuzileta. Aligeuza katoni, akaandika upande wa pili: RANGI YA GARI HILI MNAYO NYINYI. BESENI LIKO HAPA.

Shariff alitoka, kikombe mkononi, na mara hii hakuwa na la harusi. Alizunguka gari lote. Alisema ana makopo sita ya kijani karakanani, si kile, lakini ni kijani. Lisikae uchi hivyo.

"Rangi ya gari langu haijaisha, Shariff," alisema Drusilla. "Hiyo pale inanunua nyanya. Ile inavuka barabara. Nikilipaka nyingine nitakuwa nimewaambia wakae nayo."

Saa tano alikuja askari wa barabarani, kijana mpole, amebeba daftari.

"Mama, stakabadhi ya hii gari inasema rangi ni kijani. Mimi naona haina rangi."

"Ni kweli."

"Sasa kijani iko wapi?"

Drusilla alivua miwani, akaitazama mikono ya askari. Wa kushoto ulishika daftari. Wa kulia ulikuwa mfukoni.

"Toa mkono, mwanangu, nikuoneshe."

Askari alikohoa. Alisema atarudi akiwa na mkubwa wake. Alipogeuka aliutoa mkono ili kuweka kofia sawa, na dole gumba lilikuwa kijani kama jani la alfajiri. Hakurudi, na hakuna askari mwingine aliyekuja kuuliza.

Nyasani alishinda. Siku ya kula kiapo alishika kitabu kitakatifu kwa mkono wa kulia, na picha ikatoka vizuri sana. Mabati hayakufika kanisani. Mlingoti wa taa uliendelea kusimama bila kuwaka. Barabarani watu waliendelea kusalimiana kwa mikono ya kijani, na baada ya miezi michache hakuna aliyeitazama tena. Watoto waliozaliwa mwaka huo walikua wakidhani ndivyo watu wazima wanavyokuwa.

Drusilla aliegesha mahali pale pale kila Jumatatu na Alhamisi. Alibadilisha maji asubuhi, akakata sabuni, akatundika taulo kwenye kioo cha pembeni, ambacho sasa hakukikunja. Mnunuzi akija na mkono wa kijani, alimuuzia ndizi kama mwingine yeyote, akampa chenji, na akaashiria beseni kwa kidevu. Wengi walicheka. Wengine walisema, "Mwalimu, hayo yalipita." Yeye alijibu kwamba kwake hayajapita, yameegeshwa.

Masese alikuja Alhamisi moja, soko limejaa, saa nne. Alikuwa amevaa shati la ofisini, kwa maana sasa alikuwa na ofisi. Mogire alisimamisha mkokoteni ili aone. Shariff alitoka karakanani. Masese alichutama, akakunja mkono wa shati taratibu, akatia kidole majini.

"Mwalimu, mimi ndiye niliyeanza," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo, akarudia kwa nguvu zaidi ili hata wa nyanya wasikie. "Nilichora mlango kwa ufunguo. Na yale maneno ya mkono wa chai ni mimi niliyatunga, nikijua mkono ulitoka wapi. Pole, mwalimu."

Maji yalibadilika kidogo, kama chai iliyotiwa jani moja. Drusilla alimpa taulo.

"Kausha mikono."

Masese alikausha kila kidole, hata visivyolowa.

"Nikirudi ofisini na kidole kama hiki, watanifuta kazi."

"Huenda."

"Na huna lingine la kuniambia?"

Drusilla alilibeba beseni, akayamwaga maji juu ya mlango wa mbele, polepole, yasipotee.

"Darasa la sita ulikuwa ukichelewa hivi hivi," alisema. "Lakini ulikuwa unafika."

Jumatatu iliyofuata Pijo ilishuka kutoka Birongo ikiwa bati tupu, na kwenye mlango wa mbele mstari mmoja wa kijani, mrefu kama kiganja, mwembamba kama meno ya ufunguo. Madigadi ya kushoto ilikuwa bado imekunjamana. Masese alikuwa amefutwa kazi tangu Ijumaa; alikuwa pale sokoni anamsaidia Mogire kupakia viazi. Mlango wa karakana ulikuwa wazi, na Shariff, kikombe mkononi, alisema kwamba bibi harusi leo amevaa mkufu.

Saa tatu na nusu msafara ulipita. Gari jeusi lilikuwa mbele, kioo kimeshushwa, na mkono wa kijani umetoka nje unapunga. Watu walipunga mikono yao nao. Drusilla hakupunga. Alikuwa amemwaga maji ya asubuhi, kwa maana yalikuwa na vumbi, akajaza mapya. Alilishika beseni kwa mikono miwili, akalisogeza hadi ukingoni mwa lami, mahali ambapo mtu aliye ndani ya gari angeweza kulifikia bila kushuka.

Gari halikupunguza mwendo. Drusilla aliliacha beseni palepale, akarudi kwenye gunia lake, akapanga ndizi.